Okidi ya mlimani kwenye joto la Tanga: kwa nini inaoza ndani ya kitalu nyumba

"Shikamoo mtaalamu. Ninakaa Tanga mjini, Chumbageni. Mwaka jana dada yangu aliyeko Arusha aliniletea miche mitatu ya okidi iitwayo Aerangis luteo-alba var. rhodosticta, ile ya maua meupe yenye kidoti chekundu katikati. Aliinunua kwa mtu anayeiotesha mwenyewe kwa mbegu. Nilisoma kwamba inapenda unyevu mwingi, basi nikajenga kitalu nyumba cha mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, nikakiziba kwa nailoni pande zote ili unyevu usitoke. Naipulizia maji asubuhi, mchana na jioni. Nimeifunga kwenye makumbi ya nazi niliyopewa na watu wa pwani, na mbolea naipa kila wiki. Kipimajoto kinasoma nyuzi 39 hadi 41 mchana na 27 usiku, unyevu asilimia 95. Miezi minne ya mwanzo ilikwenda vizuri. Sasa majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka, mizizi imekuwa ya kahawia na laini, na mche mmoja umeshakufa. Jirani anasema okidi ni kimelea, bila mti hai wa kunyonya haiishi. Mwingine anasema niongeze maji. Ninakosea wapi?"

Marahaba, na pole kwa mche uliokutoka. Jambo la kwanza ninalotaka ulisikie ni kwamba hukuzembea. Umepima joto na unyevu ukaziandika namba, kazi ambayo wengi hawaifanyi, na namba hizo zimenionyesha tatizo kabla hata sijafika kwenye habari ya mizizi. Wewe unahofia kwamba okidi inakosa kitu: maji zaidi, unyevu zaidi, au mti wa kunyonya. Mimi naona imezidishiwa maji na joto, na inakosa vitu viwili tu, usiku wa baridi na nafasi ya kukauka.

Nianze na jirani yako, maana la kwake ni jepesi. Okidi za mitini si vimelea. Kimelea hutoboa gome la mti na kunyonya maji na chakula cha mwenyeji wake. Okidi hushika gome kwa nje tu, kama mtu aliyekaa dirishani kupunga upepo. Chakula hujitengenezea kwa mwanga wa jua, maji huyapata kwenye mvua, ukungu na umande, na madini huyaokota kwenye vumbi na majani yaliyooza yanayonasa penye mizizi. Huku pwani kwetu kuna okidi za jenasi ya Microcoelia ambazo hazina majani kabisa. Ukiiona moja utadhani ni fundo la mizizi ya kijivu iliyokauka juu ya tawi, kumbe mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani. Kwa hiyo mti hai hauhitajiki. Kipande cha tawi kavu kinatosha.

Sasa twende kwao hiyo rhodosticta. Inatoka misitu ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Ethiopia, Kenya na Tanzania, na hukaa kwenye vitawi vyembamba vilivyo kivulini, mara nyingi karibu na mito. Hata kwenye mibuni ya zamani imewahi kukutwa. Huota kwenye mwinuko wa takriban mita 1,250 hadi 2,200 kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Piga hesabu: kwao ni baridi kuliko Chumbageni kwa nyuzi 7 hadi 13. Usiku wa Tanga mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, hata nje ya kitalu haushuki sana chini ya nyuzi 24. Kwao, nyuzi 15 za usiku ni jambo la kawaida.

Kitalu nyumba, kama jinsi ulivyokijenga, ni kifaa kilichobuniwa kwa watu wa nchi za baridi. Nailoni au kioo huruhusu mwanga kuingia, mwanga unapasha sakafu na mimea, hewa iliyopata moto inataka kupanda na kuondoka, lakini haina pa kutokea. Huko kwao ndicho wanachokitafuta. Sisi wa Tanga tunachokitafuta ni kinyume chake kabisa: kupunguza jua na kuiacha hewa ipite. Nyuzi 41 ulizosoma mchana zimeletwa na nailoni. Na usiku ile nailoni inazuia joto la sakafu lisitoke, ndiyo maana unasoma 27 wakati nje pengine ni 24 au 25.

Watu wengi hushtushwa na joto la mchana. Mimi linalonishtua zaidi ni hilo la usiku, na ningependa unielewe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo okidi nyingi za mlimani zinapofia pwani bila mwenyewe kujua sababu.

Mmea hutengeneza sukari mchana, lakini hupumua saa zote 24, na kupumua ni kuitumia ile sukari. Kadiri joto linavyopanda ndivyo matumizi yanavyoongezeka. Kwa kadirio la jumla, nyuzi 10 zaidi hufanya matumizi yawe karibu mara mbili. Okidi iliyozoea usiku wa nyuzi 15 ikiwekwa kwenye 27 inakula akiba yake mara mbili, na rhodosticta ni mmea mdogo wenye majani membamba na akiba kidogo. Ndiyo sababu miezi minne ya mwanzo ulidhani mambo ni sawa. Ilikuwa inaishi kwa akiba iliyokuja nayo kutoka Arusha. Akiba ilipokwisha, ikaanza kuyavunja majani ya chini ili kulisha ncha, na hayo manjano unayoyaona ndiyo dalili yake.

Kuna jambo la pili kuhusu usiku, na wewe mtu wa Tanga una mfano wake barabarani. Mkonge, huo ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalimika na safari, hufunga vitundu vya majani yake mchana ili usipoteze maji. Usiku kukiwa na ubaridi huvifungua, ukavuta hewa ukaa na kuihifadhi kama tindikali, na mchana ukaitumia kutengenezea sukari. Okidi nyingi za mitini zenye majani magumu huishi kwa njia hiyohiyo. Usiku ukiwa wa joto, vitundu havifunguki inavyotakiwa, hewa ukaa haiingii ya kutosha, na kesho yake jua linawaka juu ya mmea usio na malighafi. Mkonge umezoea nchi yenye joto na jua kali. Okidi yako haikuzoea.

Nimekaa sana kwenye joto, sasa tuje kwenye maji. "Inapenda unyevu" ni kweli, ila neno hilo limewaponza wengi. Unyevu unaosemwa ni wa hewa, si ulowevu wa mizizi. Tazama mzizi wa okidi yako ulio mzima: kwa nje una koti jeupe kama sponji, linaloitwa velameni. Maji yakiligusa, ndani ya dakika chache hugeuka kijani, maana sponji imejaa na unaona rangi ya ndani. Likikauka hurudi kuwa jeupe la fedha. Kwenye msitu wa mlimani mzunguko huo hujirudia kila siku: ukungu, kukolea maji, upepo, kukauka. Wakati sponji imejaa maji, hewa haipiti, na mzizi unaokosa hewa saa nyingi hukosa pumzi. Hapo kuvu na bakteria wa uozo hupata karamu. Wewe unapuliza mara tatu kwa siku ndani ya chumba kisichopitisha upepo chenye unyevu wa asilimia 95. Mizizi yako haijawahi kukauka tangu ilipofika. Tena alfajiri nailoni inatoa matone yanayodondokea kwenye kitovu cha majani, na kitovu kikikaa na maji kwenye joto kinaoza ndani ya siku mbili tatu.

Anayekuambia uongeze maji ameona majani yamelegea akadhani ni kiu. Ni kiu kweli, lakini ya mmea uliopoteza mizizi ya kunywea. Ukiuongezea maji unaiozesha na iliyobaki.

Sasa makumbi. Hapa nina uchungu wangu mwenyewe, kwa sababu nilipoteza Aerangis nne kwa kosa hilihili miaka ya nyuma. Unajua jinsi usumba unavyotengenezwa pwani: makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha hupondwa kupata nyuzi za kusokotea kamba. Makumbi ya namna hiyo yamejaa chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuyapa. Hata yasiyofukiwa baharini huwa na chumvi kiasi chake. Mnazi ni mmea wa pwani, huihifadhi. Aliyekupa hakukukosea, kwa kamba ni mali nzuri, ila kwa okidi ni sumu ya polepole. Ungeyaloweka kwenye maji matamu wiki mbili huku ukibadilisha maji kila siku mbili, yangefaa kwa okidi nyingine. Kwa hii nisingeyatumia hata hivyo, yanakaa na maji muda mrefu mno. Na usijaribiwe na magogo mazuri yanayotupwa na bahari pale Raskazone, nayo yana chumvi hadi moyoni.

Mbolea simamisha kabisa leo. Mmea usio na mizizi hauwezi kuila, na inayobaki ni chumvi juu ya chumvi. Siku utakapoirudisha, tumia mbolea ya kuyeyuka kwenye maji, nusu gramu kwa lita moja, mara moja kwa wiki, na wiki ya nne umwagilie maji matupu kusafisha.

Maji ya kumwagilia yaliyo bora kuliko yote ni ya mvua. Masika yakianza, iache mvua ya kwanza ioshe bati, lina vumbi na chumvi ya upepo wa bahari, kisha kinga. Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ambao chemchemi zake ziko Usambara Mashariki, na yakilala kwenye ndoo usiku mmoja ili klorini ipungue huwa yanafaa. Ya kisima cha uani usiyatumie kabla ya kuyapima. Ukanda wetu una mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi wa kutosha, na karibu na bahari visima vingi vina chumvi.

Ufanye nini basi na hiyo miwili iliyobaki? Nitakuambia wazi, njia zote zina gharama.

La kufanya wiki hii, njia yoyote utakayochagua, ni kuondoa nailoni ya pembeni na ya juu na kuweka neti ya kivuli inayozuia asilimia 80 ya jua, ikiwezekana chini ya kivuli cha mwembe au mti mwingine unaopitisha upepo. Weka mkono sentimita 30 juu ya majani saa sita mchana: ukiona kivuli chako kimefifia kingo, mwanga unatosha, ukikiona kikali, ni mwingi mno. Sakafu tandika kokoto uzimwagie maji saa nne asubuhi na saa nane mchana, ili unyevu upande kutoka chini bila kulowesha mmea. Feni ndogo iende usiku na mchana. Okidi yenyewe imwagilie mara moja tu, alfajiri, mizizi igeuke kijani, na uhakikishe kufikia saa tano imerudi kuwa nyeupe. Kusi ikivuma na siku zikiwa za mawingu, ruka siku moja.

Hayo yatakushusha kutoka 41 hadi 31 au 32 mchana. Usiku utapata kile ambacho Tanga inacho, basi. Wako wauzaji wa mitambo ya kupooza hewa kwa pazia la maji watakaokuambia watakufikisha kwenye 20. Hawawezi, na sababu ni hewa yetu yenyewe. Maji hupooza kwa kugeuka mvuke, na hewa iliyokwisha kujaa mvuke haipokei zaidi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 haipoozwi kwa maji chini ya takriban 27, hata ununue mtambo mkubwa kiasi gani. Dodoma, ambako hewa ni kavu, pazia la maji lingefanya kazi. Pwani ni kupoteza fedha.

Ukitaka kuing'ang'ania hapo mjini, njia ya kweli ni kabati la kioo ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Kiyoyozi hukausha hewa, lakini ndani ya kabati lenye kokoto zenye maji na feni ndogo ya kompyuta unyevu hubaki. Kioo kisifungwe chote, acha upenyo juu na chini. Taa ya LED nyeupe saa 12, na usiku chumba kiwe nyuzi 20 au 21. Inawezekana, nimeona watu wakifanikiwa hadi kupata maua. Lakini pima mfuko wako, maana kiyoyozi kitanguruma kila usiku wa kaskazi kwa ajili ya mimea miwili, na umeme ukikatika usiku kucha mara kwa mara utarudi ulipoanzia.

Njia ninayoipenda mimi ni nyingine. Kama una ndugu au rafiki Lushoto, mpelekee. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400, na kibaraza chenye kivuli na upepo huko kitaifanyia okidi hii kazi ambayo kiyoyozi hakitaiweza. Utaitembelea ikichanua. Na hicho kitalu chako, kikishakuwa banda la kivuli, kijaze okidi ambazo joto la pwani ndilo kwao. Aerangis kirkii ni ndugu yake wa damu, maua meupe hayohayo yenye mkia mrefu, lakini asili yake ni vichaka na misitu ya pwani kuanzia Kenya kwenda kusini. Ansellia africana, yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, huvumilia joto na jua kiasi, na mtu anayeanza hufurahi nayo haraka. Sikuelekezi huko kwa kukudharau. Rhodosticta inawashinda hata waliofuga okidi miaka ishirini wakiwa nchi tambarare.

Ila kwa okidi hizo za pwani pia fanya kama alivyofanya dada yako, nunua kwa mtu anayeotesha mwenyewe. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na kuzibandua msituni, iwe Amani au Magamba kule Usambara, ni kuvunja sheria za hifadhi. Ni hasara pia: mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na chakula ndani, inategemea kuvu maalumu ili iote, na miaka hupita kabla mche haujatoa ua. Anayebandua shina moja kubwa amechukua miaka mingi. Ukitaka kuziona, panda Amani ukatembee na mwongozaji.

Tumalizie na upasuaji, maana huo hauwezi kusubiri. Loweka mizizi dakika tano ili isivunjike, ifungue kutoka kwenye makumbi. Bonyeza kila mzizi kwa vidole: mgumu ni mzima hata kama ni wa kahawia, laini unaoacha uzi mwembamba mkononi umekufa. Kata uliokufa kwa wembe uliochomwa moto, na uuchome tena unapohamia mche wa pili. Kwenye kidonda cha jani paka unga wa mdalasini, wa Muheza upo sokoni, lakini usiupake kwenye mizizi mizima, huikausha. Acha mche kivulini hadi jioni, kisha uufunge kwa mshipi wa kuvulia kwenye kipande cha tawi kavu la mpera au mbuni, kitovu kikitazama pembeni au chini ili maji yasitue. Usifunge kwa nguvu.

Ukiona doa jeusi au lenye majimaji linatembea kwenye jani kwa kasi, limekua ndani ya siku moja na lina harufu mbaya, usinunue dawa kwa kubahatisha. Tenga mche huo, uweke kwenye mfuko wa karatasi, umwone afisa kilimo wa kata au mtaalamu wa magonjwa ya mimea auone kwa macho. Dawa ya kuvu haitibu bakteria, na ukipulizia ovyo karibu na jiko na watoto unajiletea balaa jingine. Kuhusu chumvi ya kisima, maabara ya udongo kama ya kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, ndiyo mahali pa kuulizia kipimo. Na kama baada ya kukata imebaki mizizi miwili au mitatu tu kwa kila mche, ningeomba usijaribu kabati wala kingine. Mpandishe mtu Lushoto nayo wiki hiihii.

Kisha subiri wiki sita hadi nane bila mbolea. Unachokitafuta ni ncha ya mzizi, kinukta cha kijani kibichi kinachong'aa mwishoni mwa koti jeupe. Majani yanaweza kuendelea kudondoka moja au mawili hata baada ya wewe kurekebisha kila kitu, usitishike na hayo. Kinukta hicho kikitokea, anza ile nusu gramu, na uniandikie tena uniambie kipimajoto kinasoma ngapi saa kumi na moja alfajiri.